JOKOFU LA SAFARINI: JINSI MOTO UNAVYOLETA BARIDI

Ukiambiwa kwamba kuna chombo ambacho ukiwasha moto chini yake, maji yaliyo ndani hupoa hadi yakaganda, utasema huo ni uchawi, au ni porojo za vijana wa kidato cha tatu. La hasha! Chombo hicho kipo, na hapa Kataboi kimetupita mara nyingi kikiwa ndani ya matrela yanayovutwa na magari ya wasafiri wanaotoka Lodwar kuelekea Lokitaung na sehemu nyingine za kando ya ziwa. Ni jokofu, au friji kama tunavyozoea kusema. Lakini si friji ya dukani iliyochomekwa ukutani. Ni ile ndogo inayosafiri ndani ya nyumba ya magurudumu, mahali ambapo hakuna ukuta wenye stima.

Huenda mwenzangu akauliza, "Sisi na friji za watalii wapi na wapi?" Swali zuri. Mwenye trela na mfugaji wa Kiturkana, ukiwatazama vizuri, wana shida moja. Wote wawili wanahama na nyumba zao, na wote wawili hawataki chakula kiwaozee njiani. Wazee wetu walilitatua jambo hilo kwa kukausha. Nyama hukatwa vipande vyembamba ikaanikwa, maziwa hukaushwa yakawa unga, samaki hupasuliwa na kutandazwa juani. Hayo yote hayahitaji stima. Lakini kuna vitu visivyokaushika. Chanjo ya mtoto haianikwi juani. Insulini ya mgonjwa wa kisukari haianikwi. Vitu hivyo vinataka baridi, na kama mwenye kuvihitaji anahama, basi baridi nayo sharti ihame pamoja naye. Ndiyo maana nimeona friji ya trela ni jambo letu kabisa.

Basi tuanze na jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Jokofu halitengenezi baridi. Katika Fizikia hakuna kitu kinachoitwa baridi. Kuna joto tu, liwe jingi au liwe kidogo. Jokofu kazi yake ni kama ya hamali: linachukua joto kutoka ndani ya sanduku na kwenda kulitupa nje. Ukigusa mgongo wa jokofu linalofanya kazi utahisi moto. Huo ndio mzigo wa hamali, yaani joto lililotoka kwenye maziwa yako pamoja na joto la kazi yenyewe. Ushike sana msemo huu wa hamali, maana karibu kila ushauri nitakaoutoa huko mbele unatoka hapo.

Hamali wa kwanza unamjua tangu utotoni. Ni mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya mtungi, yakifika nje hukaushwa na upepo, na kila tone linalogeuka kuwa mvuke huondoka na joto. Tena si joto dogo. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100 kunataka jouli 420,000. Kuyageuza maji hayo hayo yote kuwa mvuke kunataka jouli nyingine 2,260,000, zaidi ya mara tano! Kwetu hewa ni kavu na upepo hautulii, kwa hiyo mtungi hufanya kazi vizuri kuliko Mombasa, ambako hewa imekwisha kushiba unyevu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliliendeleza wazo hili katika miaka ya 1990. Aliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga uliolowa katikati yake, na wakulima wakahifadhi mboga humo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Rolex ya mwaka 2000.

Jokofu ni mtungi ambao mvuke wake haupotei. Badala ya maji hutumia kiowevu kinachochemka upesi, kwa mfano amonia, ambayo katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sufuri. Kiowevu kikichemka ndani ya mabomba yaliyo karibu na chakula, hunyonya joto la chakula. Kisha mvuke huo unakusanywa, unapelekwa nje, unapoa, unarudi kuwa kiowevu, na safari inaanza upya. Swali ni moja tu: nani anausukuma mvuke huo?

Katika friji nyingi za dukani anayeusukuma ni mashine iitwayo kompresa. Hiyo ndiyo inayonguruma kidogo kisha ikanyamaza. Kompresa inataka stima, iwe ya ukutani au ya betri. Ni hodari, ina nguvu, na huvumilia trela likiinama. Sitakaa sana hapo, kwa sababu utamu wa somo uko kwa yule wa pili.

Huyo wa pili ni jokofu la kunyonya, lile la moto. Nyuma yake kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa kabisa, na ndani yake mna vitu vitatu: maji, amonia na haidrojeni. Chini kabisa kuna chungu kidogo cha chuma, na chini ya chungu kuna ndimi ndogo ya moto wa gesi, usiozidi ule wa mshumaa mnene. Moto unachemsha maji yenye amonia. Amonia, kwa kuwa ni nyepesi kuchemka, inatoka kwanza na kupanda juu, ikifika kwenye mapezi ya chuma inapozwa na hewa ya nje na kuwa kiowevu. Kisha inateremka yenyewe hadi kwenye mabomba ya sanduku la chakula. Hapo inakutana na haidrojeni. Haidrojeni haifanyi chochote cha ajabu, inajaza nafasi tu, lakini kwa kujaza nafasi hiyo inaifanya amonia ichemke tena bila ya kuhitaji pampu ya kupunguza shinikizo. Ikichemka inanyonya joto la maziwa yako. Baadaye inashuka na kukutana na maji, na maji yana uroho mkubwa wa amonia, yanainywa yote. Haidrojeni hainyweki, inarudi ilikotoka. Maji yenye amonia yanarudi kwenye chungu, na moto unayapokea.

Umeona? Hakuna pampu, hakuna gurudumu, hakuna kelele. Kila kitu kinapanda kwa moto na kushuka kwa uzito wake. Waliobuni mpango huu walikuwa wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm huko Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka wa 1922. Mwaka wa 1925 kampuni ya Electrolux ikaanza kuyauza majokofu yao. Wanafunzi, jamani! Nawaambia wenzangu wanaodhani kwamba mambo makubwa hufanywa na wazee wenye mvi tu. Hata Albert Einstein, yule mwenyewe, alijaribu jokofu lisilo na mashine akishirikiana na Leo Szilard, wakapata hataza ya Marekani mwaka wa 1930, lakini lao halikuingia majikoni kama la vijana wa Stockholm.

Kwa kuwa kinachohitajika ni joto tu, jokofu hili halijali joto limetoka wapi. Ndiyo maana friji nyingi za matrela huitwa za njia tatu: zinaweza kupashwa na gesi, na waya wa stima ya ukutani ya volti 240, au na waya wa betri ya gari ya volti 12. Zamani zahanati nyingi za mashambani zilitumia ndugu yake wa mafuta ya taa, mwenye utambi kama wa kandili. Chanjo za watoto wengi wa sehemu kame zilikaa salama kwa utambi huo, na muuguzi aliyesahau kuukata vizuri alijionea masizi na joto likipanda.

Sasa tulete jokofu hili Kataboi, tuone litakavyotoka jasho.

Mchana wa kawaida Lodwar hufika nyuzi 35 hivi kivulini, na siku nyingine zaidi. Usiku haushuki sana, labda 24. Hamali wetu anatakiwa kutoa joto ndani ya sanduku la nyuzi 5 na kulitupa katika hewa ya nyuzi 35. Ni kama kuteka maji kisimani: kadiri kisima kinavyokuwa kirefu ndivyo mkono unavyochoka. Kiwandani wanalijua hilo. Nyuma au ndani ya mlango wa jokofu huwa kuna kibandiko chenye herufi. N maana yake limetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Msafiri akija kwetu na jokofu la N amekuja na koti la mvua jangwani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, tafuta T.

Lakini hata lile la T litashindwa ukiegesha trela vibaya. Ubavu wenye matundu ya hewa, ambao ndio mgongo wa jokofu, usitazame jua la alasiri. Kivuli cha mti kinasaidia sana, hata kama ni mathenge tu. Hapa kwetu kuna jambo jingine, upepo. Upepo wa ziwani huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi ukitoka upande wa kusini mashariki, na ukiingia moja kwa moja kwenye matundu unazima moto wa gesi. Mwenye trela analala akidhani jokofu linafanya kazi, kumbe limezimika saa nane za usiku. Kwa hiyo mgongo wa jokofu uelekezwe kusiko na upepo. Wengine hufunika matundu kwa gunia ili upepo usiingie. Hilo silo! Umemfungia hamali mlango, joto atalitupa wapi? Tena moshi wa gesi isiyoungua vizuri una sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Matundu yabaki wazi daima, na ndimi ya moto iwe ya buluu. Ikiwa ya manjano, zima na usafishe.

Nakuja sasa kwenye jambo la kusimama sawasawa. Nimesema amonia inashuka kwa uzito wake tu. Trela likiinama, kiowevu kinatuama kwenye kona ya bomba na safari inakatika. Moto unaendelea kuwaka, gesi inaendelea kuisha, lakini ndani hakuna baridi. Majokofu mengi ya aina hii hayapendi kuinama zaidi ya digrii chache, kama 3 hivi upande kwa upande. Likiachwa limeinama muda mrefu, chungu cha chini kinakauka na kupata joto kupita kiasi, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo huganda na kuziba bomba. Hapo hakuna fundi wa kulifufua. Gari likiwa mwendoni si neno, maana linayumba huku na huku na kiowevu kinapata kupita. Hatari ni pale unapoegesha.

Likizo moja ya Agosti wageni wawili, mzee na mkewe, walipiga kambi kwenye mchanga karibu na maji. Mchanga wa pale unateremkia ziwani, na trela lao liliteremka nao. Yule mzee alikuwa na kisukari, na insulini yake ya wiki kadhaa ilikuwa kwenye friji. Siku ya pili kipimajoto cha ndani kilisoma 21. Dereva wao, kijana wa Lodwar, alikuja kumtafuta mjomba wangu ambaye hutengeneza injini za mashua, nami nikafuatana naye kubeba vifaa.

"Ndugu yangu, gesi mliyonunua ina maji," dereva alianza. "Moto unawaka lakini hauna nguvu."

Mjomba hakujibu. Alichukua chupa ya soda, akaijaza maji nusu, akailaza kwenye sakafu ya jokofu na kuitazama. Maji yote yalikimbilia upande mmoja.

"Gesi haina neno," akasema. "Nyumba yenu ndiyo imelala ubavu. Mwambie mzee azime moto kwanza."

Tulichimba mchanga chini ya gurudumu la upande wa juu, tukaweka ubao chini ya lile la upande wa ziwani, tukarudia ile chupa mara tatu, mara kwa mapana mara kwa marefu, mpaka maji yakatulia sawa. Fundi wa nyumba angetumia pimamaji, lakini chupa ilitosha. Kisha moto ukawashwa tena. Jambo la kungoja ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu jokofu la kunyonya ni pole pole. Linaweza kuchukua nusu siku au zaidi kabla ya kupoa. Na mke wa mzee alikuwa na wasiwasi, kwa haki. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ile inayotumika inaweza kukaa nje wiki nne hivi, lakini si kwenye joto la zaidi ya 30, nasi tulikuwa kwenye 37. Nyanya yangu alitoa vyungu viwili. Tukapanga kama nilivyoeleza juu, mchanga uliolowa katikati, chupa za dawa zikiwa ndani ya mfuko mkavu, kitambaa kibichi juu, kwenye kivuli chenye upepo. Jioni kipimajoto kilisoma 26 ndani ya chungu. Asubuhi yake jokofu lilikuwa limefika 7, dawa ikarudishwa.

Nataka kuongeza neno hapo kuhusu kuirudisha. Usiiegemeze insulini kwenye mapezi ya baridi yaliyo nyuma ya friji. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka baadaye. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo kadhaa, kama ya pepopunda. Watu wengi huogopa joto peke yake na kusahau kwamba hata baridi ikizidi huua dawa. Mahali pake ni katikati, ndani ya kisanduku, mbali na mapezi.

Tugeukie hesabu, na nitaifanya polepole, maana hapa ndipo wasafiri wengi wanapokwama. Chukua trela lenye betri moja ya ampea-saa 100. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haitakiwi kutumiwa hadi ikauke. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 50. Jokofu la kompresa la wati 45 kwenye volti 12 hula ampea 3.75 linaponguruma. Nchi ya baridi huenda likanguruma nusu ya siku, saa 12, likala ampea-saa 45. Hiyo betri inatosha. Lakini kwetu, tuseme linanguruma saa 18 kati ya 24. Zidisha: 67.5. Betri imepita mpaka wake kabla ya alfajiri, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu. Kwa hiyo msafiri wa Turkana anataka betri ya pili au paneli ya jua, na jua, namshukuru Mungu, hatuliagizi kutoka ng'ambo.

Jokofu la moto likiwekwa kwenye betri ni balaa zaidi. Waya wake wa kupasha una wati 150 hivi, nao hauzimiki mara kwa mara kama kompresa. Hizo ni ampea 12.5. Gawa 50 kwa 12.5 upate saa 4. Saa nne, betri kwisha! Njia ya betri ni ya wakati gari linatembea tu, injini ikichaji. Hata hapo kuna mtego. Nguvu ya waya wa kupasha ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Waya wa stima kutoka kwenye gari hadi kwenye trela ukiwa mrefu na mwembamba, volti 12 zinafika zikiwa 10. Utadhani umepoteza kidogo, lakini 10 mara 10 ni 100, na 12 mara 12 ni 144. Zile wati 150 zimebaki kama 104. Jokofu linapashwa uvuguvugu tu. Dawa yake ni nyaya nene.

Gesi ndiyo nafuu. Jokofu dogo hutumia gramu 300 hivi kwa siku, zaidi au pungufu kulingana na joto, basi mtungi wa kilo 6, ule wa meko, unakupeleka siku 20. Lakini moto uzimwe kabla hujaingia kituo cha petroli. Hili halina mjadala.

Baada ya hesabu hiyo utaelewa habari ya Kalokol, kusini kwetu, ambayo kila mtu wa ziwani ameisikia. Kiwanda cha samaki kilijengwa hapo kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikusudiwa kugandisha samaki wa ziwa letu ili wauzwe mbali. Mitambo ya kugandisha ilifanya kazi kwa siku chache tu ikazimwa. Gharama ya kuiendesha katika joto hili, pamoja na maji safi mengi yaliyohitajika, ilikuwa kubwa mno. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 maji ya Ghuba ya Ferguson nayo yakakauka. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu, yaani wale wale wanaokaushwa na jua bila malipo. Wengi wanaoandika kuhusu kiwanda hicho husema kilishindwa kwa sababu Waturkana ni wafugaji wasiojua samaki. Mimi sikubaliani nao sana. Watu wa ziwani wamevua tangu zamani. Hata wavuvi wote wa dunia wangehamia Kalokol, joto la kuhamishwa lingekuwa ni lile lile, na mafuta ya jenereta yangetoka mbali vile vile. Trela na kiwanda hesabu yao ni moja, ila kiwanda kina sufuri nyingi zaidi.

Kuna watu waliopata njia ya kuishinda hesabu hiyo. Siku hizi zahanati nyingi za sehemu zisizo na nyaya za stima zimepewa majokofu ya jua yasiyotumia betri kabisa. Mchana paneli inaendesha kompresa, na kompresa inagandisha barafu iliyozungushwa kwenye kuta za sanduku. Usiku kompresa inalala, barafu inafanya kazi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya jouli 334,000, kwa hiyo baridi ya mchana imewekwa akiba kama nafaka ghalani. Muuguzi anayekwenda kuchanja watoto wa wafugaji malishoni hubeba barafu hiyo hiyo kwenye kisanduku chenye mkanda begani.

Mwenye trela anaweza kuiga. Chukua chupa mbili tatu za maji, zigandishe Lodwar kabla ya kuondoka, ziweke ndani ya jokofu. Na vinywaji vyote vipozwe kabla ya safari. Tazama kwa nini. Lita 10 za maji zilizokaa ndani ya gari kwenye nyuzi 35, ukitaka zifike 5, utatoa joto la 10 mara 4,200 mara 30, yaani jouli 1,260,000. Jokofu linalohamisha jouli 60 kwa sekunde litahitaji sekunde 21,000, karibu saa 6, tena bila kuhesabu joto linalopenya kuta wakati huo huo. Saa 6 hizo nyama yako inangoja. Usiingize sufuria ya moto pia. Usijaze mpaka hewa ikose njia ndani. Na usimwache mtoto akifungua mlango kila dakika kuangalia kama soda imepoa. Kila akifungua, hewa baridi inamwagika miguuni mwake, kwa kuwa ni nzito, na ya Kataboi inaingia badala yake.

Mpira wa mlango nao utazamwe. Bana noti kati ya mlango na sanduku kisha ivute. Ikitoka bila kusita, mpira umechoka na joto linaingia usiku kucha. Barabara zetu zenye matuta madogo madogo hulegeza bawaba, na vumbi la laga huingia kwenye tundu la gesi ambalo ni dogo kuliko tundu la sindano. Kila baada ya safari ndefu fundi alipulize kwa hewa, asilitoboe kwa waya, maana likipanuka moto utakuwa mkubwa na wa manjano.

Safari ikiisha, zima, toa kila kitu, pangusa kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, halafu weka kijiti mlangoni ili ubaki wazi kidogo. Ukilifunga likiwa na unyevu, hasa kama lilibeba samaki, siku utakayolifungua utakuta kuvu mweusi kwenye mpira wote na harufu ambayo magadi ya wiki nzima hayaiondoi.